Aliyeketi Amehesabiwa

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani, na wenyewe hawajawahi kulalamika. Ina majimbo tisa na wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne. Jimbo la saba, liitwalo Tengamano, lina Baraza la kutunga sheria lililojengwa kwa mawe mazito, ili, kama yasemavyo maandishi yaliyochongwa juu ya mlango, lisitikiswe na mawazo mapya. Sijaongeza chumvi. Nimenakili tu.

Baraza la Tengamano lina wajumbe thelathini na mmoja, Spika akiwa mmojawapo, na lina namna yake ya kupiga kura. Muswada ukiletwa, Spika husema, "Wanaotaka mabadiliko wasimame." Wanaosimama ndio wanaoutaka. Wengine wote, awe mtu anafikiri, anasinzia, anatafuna karanga au yuko kwao anavuna alizeti, wamehesabiwa kwamba wanataka mambo yabaki kama yalivyo. Kanuni ya kwanza ya Baraza ina maneno mawili tu: Aliyeketi amehesabiwa. Inasemekana iliandikwa na Spika wa kwanza, mzee aliyesumbuliwa na magoti, ambaye hakupenda kupinga mambo peke yake. Kwa kanuni hiyo hiyo, marehemu Mheshimiwa Hosea Mpelwa alipiga kura nne baada ya kukata roho kitini, na Chama chake hakikuona sababu ya kuzifuta.

Katika Baraza hilo aliketi kwa miaka ishirini na miwili Mheshimiwa Elikana Mduvi wa Chama cha Desturi. Hadithi hii inahusu makalio yake na dhamiri yake, kwa mpangilio huo.

Kabla ya siasa Elikana alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mpole, mwenye sauti nzuri na woga wa kawaida. Siku yake ya kwanza barazani uliletwa muswada wa kuruhusu toroli za magurudumu mawili. Yeye hakuuelewa. Akawa anangoja mtu amweleze, na alipogeuka kumuuliza jirani yake, kura ilikuwa imekwisha na muswada umeanguka. Nje waandishi wa habari wakamzingira wakitaka kujua kwa nini ameupinga kwa ujasiri namna ile. Elikana akasema lililomjia kwanza mdomoni:

"Babu zetu hawakuwa na kitu hicho, na wote walikufa wakiwa na afya njema."

Kesho yake maneno hayo yalikuwa ukurasa wa mbele. Wazee wa Chama walimshika mkono kwa mikono miwili. Tangu hapo Elikana hakuona haja ya kuelewa muswada wowote, na kusema kweli kazi ikawa nyepesi. Aliketi ulipoletwa muswada wa kuirekebisha saa ya sokoni, ambayo mpaka leo iko nyuma kwa saa mbili na watu wameizoea. Aliketi ulipoletwa muswada wa watu wa mkono wa kushoto. Kila muhula alichaguliwa tena kwa kura nyingi zaidi, maana wananchi walisema huyu angalau tunajua atakuwa wapi.

Alikuwa na mto wa kukalia. Viti vya Baraza ni vya mninga mtupu, na Elikana, kama watu wote wa ukoo wao, hakujaliwa nyama huko nyuma. Mto huo wa kitenge cha bluu, uliojazwa sufi, alishonewa na dada yake Tabitha wiki aliyochaguliwa mara ya kwanza. Tabitha alikuwa mkunga. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na minne na Elikana minane, na ndiye aliyempikia, akamfulia, akamsomesha kwa mshahara wake wa kwanza. Kila mwaka aliufumua ule mto, akabadilisha sufi, akaushona upya. "Ukae vizuri," humwambia, "ufikiri vizuri."

Elikana alizingatia nusu ya kwanza.

*

Sasa ilikuwepo katika Tengamano sheria ya zamani iitwayo Sheria ya Sahihi. Ilisema kwamba mwanamke hatapasuliwa hospitalini mpaka mumewe atie sahihi kwa mkono wake, mbele ya karani. Ilipotungwa, waume walikuwa mashambani hatua chache tu kutoka nyumbani. Siku hizi nusu ya waume wa Tengamano wako jimbo la tisa kwenye mashimo ya chumvi, safari ya siku mbili kwa basi. Sheria haikuwa na habari hiyo, kwa kuwa hakuna aliyesimama kuiambia.

Mheshimiwa Domitila Sekwao, mama mmoja mrefu wa upinzani ambaye husimama mara nyingi hata viatu vyake vinaisha upande wa vidole, aliandika muswada wa kuifuta. Akazunguka kuomba kura. Alipohesabu alikuwa na watu kumi na watano. Alihitaji wa kumi na sita.

Jumapili Tabitha alikuja kwa mdogo wake. Alikula, akanawa, akangoja vyombo vitolewe.

"Eli," akasema, "nimezalisha miaka thelathini na nane. Nimewashika mkono wanawake kumi na mmoja huku tunangoja sahihi. Kumi na mmoja, nakumbuka majina. Sijawahi kukuomba kitu."

"Kweli hujawahi, dada."

"Alhamisi simama."

Elikana akafikiria Chama, akafikiria wazee na mikono yao miwili miwili. Lakini aliyeketi mbele yake ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Nitasimama. Haki ya Mungu, dada, nitasimama hata nikibaki peke yangu."

"Usiape," Tabitha akasema. "Simama tu."

*

Alhamisi ikafika. Ni siku ambayo mkahawa wa Baraza hupika pilau, na saa sita harufu hupita chini ya milango. Mheshimiwa Domitila alisema maneno yake kwa ufupi. Spika, Mheshimiwa Anastazi Bugwema, mtu mpana aliyevaa wigi la manyoya ya kondoo, akatamka: "Wanaotaka mabadiliko wasimame."

Wakasimama kumi na watano. Elikana aliweka mikono yote miwili kwenye ukingo wa kiti. Aliamua kusimama, hilo naomba liandikwe. Alikwisha kuinama mbele. Ndipo Mheshimiwa Baltazari Kuzenza, mnadhimu, yaani mchunga kura wa Chama, aliyekaa kulia kwake, akamwekea kiganja juu ya goti. Hakubonyeza. Alikiweka tu, kama mtu anavyoweka kofia yake mezani.

"Umechoka, Mheshimiwa," akanong'ona. "Pumzika."

Spika alihesabu mara tatu, kama kanuni zinavyotaka, polepole, kwa kidole. Elikana aliutazama ubao wa dawati lake. Sufi ya dada yake ilikuwa laini chini yake, imebadilishwa mwezi uliopita.

"Kumi na watano," Spika akasema. "Muswada umeanguka. Pilau."

*

Chama kilifurahi mno. Mnadhimu alijua jinsi kura ile ilivyokuwa karibu kupotea, na hakuna anayependwa na Chama kuliko mtu aliyetaka kuondoka akabaki. Elikana alipewa cheo cha Mlinzi Mkuu wa Desturi. Picha yake ilichapishwa na kutundikwa katika kila ofisi ya umma. Mbele ya Baraza ikawekwa sanamu yake ya saruji akiwa ameketi. Msanii aliiga hata mto, na njiwa wakaupenda.

Tabitha alikuja jioni ya Ijumaa. Hakusalimia.

"Miguu ilikufa ganzi, dada," Elikana akaanza, kabla hajaulizwa. "Nilitaka. Nilikwisha kuinama. Ganzi, miguu yote miwili. Sikuisikia kabisa."

Tabitha akavuta kigoda, akaushika mguu wa mdogo wake, akauweka juu ya paja lake kama anavyofanya kwa wagonjwa, akabonyeza. "Hapa? Na hapa je?"

"Hapo... ndiyo, hapo."

"Ganzi ya kukaa hupita ndani ya dakika mbili. Spika alihesabu kwa dakika ngapi?"

Katika Kumbukumbu Rasmi za Baraza, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, imeandikwa kuwa kuhesabu kulichukua dakika saba.

Tabitha aliushusha mguu ule taratibu, akamvalisha kandambili, akaondoka. Elikana alibaki anaona haya mbele ya mguu wake mwenyewe. Lakini alijiambia tena ile habari ya ganzi, na tena, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa karibu kuiamini. Karibu.

*

Tabitha alikuwa na mtoto mmoja, Yunisi, binti wa miaka ishirini na minane, mcheshi, aliyemwita Elikana "Anko Kiti" na ndiye mtu pekee jimboni aliyethubutu. Mumewe alikuwa kwenye chumvi. Mwaka ule Yunisi alikuwa mjamzito, na asubuhi moja ya Jumanne uchungu ulimshika, na mtoto akawa amekaa vibaya.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mheshimiwa Elikana hakulijua. Madaktari na wakunga wa Tengamano si watu wabaya. Walikuwa na ujanja wao. Mwanamke akizidiwa na mume yuko mbali, faili lake lilikuwa linapotea. Hakuna faili, hakuna mgonjwa; hakuna mgonjwa, hakuna anayehitaji sahihi. Daktari alimpasua asiyekuwepo, na kesho yake faili lilionekana nyuma ya kabati. Haikuwezekana kila mara. Makatibu wengine walikuwa wakali, na ndiyo sababu ya wale kumi na mmoja. Lakini katibu wa hospitali alikopelekwa Yunisi, Bwana Zefania, alikuwa akijua kugeukia dirishani kwa wakati unaofaa. Saa tano asubuhi faili la Yunisi lilipotea. Daktari Fulgensi alikuwa amevaa glavu.

Saa tano na robo Elikana alisikia kwamba mpwa wake yuko hospitali. Alimpenda. Hakufikiri mara mbili. Alipanda gari lake la serikali, lenye bendera mbele, akaenda mbio kusaidia.

Nisingependa kusimulia sehemu hii, lakini ndiyo niliyotumwa.

Bwana Zefania alipoiona bendera kupitia dirisha alilokuwa amegeukia, karibu azimie. Mlinzi Mkuu wa Desturi, yeye mwenyewe, yule wa kwenye picha! Ndani ya dakika moja faili lilikuwa limepatikana, limefutwa vumbi, liko mezani. Daktari Fulgensi alivuliwa glavu. Wauguzi walipangwa mstari.

"Karibu Mheshimiwa! Hospitali hii inafuata sheria, Mheshimiwa!"

"Yunisi yuko wapi? Mnangoja nini?"

"Sahihi, Mheshimiwa. Mume amepigiwa simu. Anapanda basi."

"Basi la siku mbili? Mpasueni! Mimi nasema mpasueni sasa hivi!"

Bwana Zefania akatabasamu, akamgeukia daktari kwa sauti ya chini. "Anatupima. Niliambiwa wakubwa hupita kupima." Kisha kwa sauti kubwa: "Hatuwezi, Mheshimiwa! Hata ukituamuru!"

"Leteni karatasi. Nitatia sahihi mimi. Mimi ni mjomba wake!"

"Mjomba hayumo, Mheshimiwa. Palikuwa na pendekezo la kuwaingiza wajomba. Ulilipinga mwaka juzi. Nakala tunayo."

Elikana alimshika katibu kwa kola. Alilia. Alipiga magoti sakafuni, mtu mwenye sanamu, akaomba wavunje sheria. Kadiri alivyoomba ndivyo walivyozidi kusifu mtihani ulivyo mgumu, na ndivyo walivyozidi kukataa. Tabitha alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Alisema mara moja tu, "Eli, ondoka hapa," lakini yeye alidhani dada anamwonea huruma, akabaki.

Saa saba mchana Yunisi alifariki.

Sheria ya Sahihi haiwataji marehemu. Kwa hiyo Daktari Fulgensi alivaa tena glavu, na kwa dakika nne, kihalali kabisa, akamtoa mtoto wa kike, akiwa hai.

Sahihi ya mume ilifika Alhamisi. Ilikuwa nzuri, imepigiwa mstari chini.

*

Chama kilituma shada lenye maneno "Alitii." Elikana alilichana kwa mikono yake kabla dada yake hajaliona, na hilo ni miongoni mwa mambo machache ya mwaka ule asiyoyajutia.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Tabitha alikuja ofisini kwake barazani, mtoto mgongoni. Elikana aliruka kumpa kiti. Hakukaa.

"Nimefuata mto wangu," akasema.

Elikana aliuchukua kutoka kitini, akampa.

"Dada, ningejua... Nilikuja kusaidia. Unajua nilikuja kusaidia."

"Faili lilikuwa limepotea, Eli."

"Faili gani?"

Akamweleza, kwa sauti ile ile anayowaelezea wazazi jinsi ya kumwogesha kichanga. Glavu, kabati, dirisha. "Walikuwa wanamwingiza ndani. Ndipo bendera yako ikaingia getini, faili likapatikana." Akaupiga mto mara mbili kuutoa vumbi, akauweka kwapani. "Nilitaka ulijue. Usije ukadhani ni ganzi."

Alipoondoka, Elikana alikaa kwenye mninga mtupu. Mchana wote hakutia saini barua hata moja. Nilimuua, akajiambia. Mara ya kwanza kwa kukaa, mara ya pili kwa kwenda. Hakutafuta neno la kulipunguza, na kwa mtu wa siasa hilo ni jambo la ajabu.

*

Mheshimiwa Domitila hakuchoka kusimama. Mwaka uliofuata aliuleta tena, Alhamisi, kwa kumi na watano wale wale. Jukwaa la wageni lilijaa wakunga. Tabitha alikuwa mstari wa mbele, mtoto amelala mapajani juu ya mto wa kitenge cha bluu.

"Wanaotaka mabadiliko wasimame."

Wakasimama kumi na watano. Kisha kiganja cha Mheshimiwa Kuzenza kikatua juu ya goti la Elikana, na goti likatoka chini yake. Mlinzi Mkuu wa Desturi alikuwa amesimama.

Baraza lilicheka kidogo, kwa upendo. Spika alitabasamu.

"Mheshimiwa, kwa kanuni ya kumi na nne, mjumbe ambaye hajawahi kusimama, akisimama, huhesabiwa kuwa anaomba kwenda haja. Ruhusa imetolewa."

"Siendi haja, Mheshimiwa Spika."

"Basi keti."

"Siketi."

Mnadhimu akaeleza kwamba Mheshimiwa ana msiba. Mwingine akasema ni presha. Spika akahesabu mara tatu, kumi na watano kila mara, kidole chake kikimruka Elikana kwa ustadi mkubwa. Elikana akabaki wima, akiwa na hofu, mikono ameifunga nyuma isije ikashika kiti. Alikuwa tayari kusimama mpaka aanguke. Alidhani itachukua siku. Alitamani ichukue siku. Alitamani iwe ngumu.

Kumbe kuna kanuni nyingine, ya thelathini na tano, isiyokumbukwa na mtu: kikao hakiahirishwi mjumbe akiwa amesimama. Karani alimnong'oneza Spika. Saa sita ikagonga. Harufu ya pilau ikapita chini ya mlango. Waheshimiwa wakaanza kuzungusha shingo. Saa sita na robo mmoja wa Chama cha Desturi akauliza kama nyama zinabaki za kutosha. Saa sita na nusu Mnadhimu mwenyewe akasema, "Mheshimiwa Spika, mhesabu basi twende."

Spika akatazama saa yake. "Kumi na sita. Sheria ya Sahihi imefutwa. Pilau."

Ilichukua nusu saa. Elikana angeweza kufanya hivyo mwaka jana, tumbo likiwa tupu, na kufika nyumbani kabla ya chai. Yunisi angekuwa bado anamwita Anko Kiti.

Jukwaa la wageni lililipuka. Wakunga walisimama wote, wakapiga vigelegele, wakatupa vitambaa vya kichwa hewani. Hata askari wa mlangoni alisimama wima zaidi. Domitila alikuwa analia. Elikana alinyanyua macho, akamtafuta dada yake katikati ya watu wote wale waliosimama.

Tabitha alikuwa ameketi. Hakuwa amelala, hakuumwa miguu, na mtoto hakuwa mzito. Alimtazama mdogo wake moja kwa moja, mkono mmoja juu ya mto, na hakuinuka.

Spika alikwisha kutoka kwenda kula, kwa hiyo hakuna aliyetangaza hesabu. Elikana, ambaye aliijua kanuni ya kwanza kuliko mtu yeyote katika Tengamano, alihesabu mwenyewe.